Nimefaulu Vipimo vya Kumbebea Shoga Yangu Mimba, Nikafukuzwa Kwaya

Leo asubuhi nimefaulu, mchana nimefukuzwa kwaya.

Daktari kanipitisha. Kizazi changu kinafaa, naweza kumbebea mimba shoga yangu Estha, mtoto awe wake na mumewe. Mjane mimi, nina wanangu wawili, nimejitolea bure.

Nikakimbilia mazoezi ya kwaya yetu, mtaa wa Troyeville, kumpa Estha habari. Nakuta anapigiwa vigelegele. Keshawatangazia ana mimba!

Mimba ipi jamani, hata mimi sijapandikizwa bado?

Kanivuta pembeni. "Nisitiri, dada. Tumbo lako likianza kuonekana, usije tena kwaya."

Eish! Huyu niliyelia naye mimba zake tatu zilipotoka.

Nikamuuliza, "Na wakiniona njiani na tumbo, nisemeje?"

Hata hakufikiri. "Sema umeteleza."

Haya. Yeye apigiwe vigelegele, mimi niteleze.

Nyie mngemjibu nini?