Picha ya Tabitha Niliyoikata

Nakumbuka Jumamosi moja pale mtaani kwetu Utemini, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na sita, nilipokata picha kwa mkasi nikamliza shangazi yangu. Sijawahi kukusimulia. Lakini jana nilikuona umezimwaga mkekani picha ulizosafisha mjini, kisanduku pembeni, mkasi mkononi, nikasema leo nitasema.

Picha zetu sisi zilikaa kwenye mkoba mkuukuu wa mama, zimejikunja. Wasichana wenzangu wa kwaya walikuwa waje kwetu kesho yake, nami nikataka kujionyesha. Nikachukua boksi la viatu, nikalivika kitenge kwa gundi ya unga. Likapendeza kweli. Tatizo likawa picha ya ubatizo wangu. Ilikuwa kubwa, haiingii. Katikati amekaa bibi, mkono mmoja kanipakata mimi mchanga, mwingine kamshika mtoto wa shangazi, Tabitha, wa miaka minne. Tabitha kasimama pembeni kabisa, peku, kigauni kimechanika begani.

Niliona aibu na ile miguu. Nikajiambia, boksi lenyewe halitoshi. Nikakata. Kipande nikakitupa shimo la taka, juu ya maganda ya alizeti.

Tabitha alikufa kwa surua mwaka uliofuata ubatizo wangu. Hilo nililijua. Ambalo sikulijua ni kwamba hakuwahi kupigwa picha nyingine.

Mchana uleule shangazi akaingia, katoka Kintinku na vumbi lote la basi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. He! Unarefuka hivi, mwoaji wako aje na ngazi?"

Tukacheka. Akanywa maji, akakaa, sauti ikashuka. "Rehema, niletee ile picha ya ubatizo wako. Nimesikia kuna studio hapa mjini wanatoa nakala. Miaka kumi na tano hii, mwanangu, sura ya Tabitha imeanza kunipotea. Nikifumba macho naona kigauni tu."

Shimo la taka lilikuwa hatua ishirini kutoka nilipokaa. Nikasema, "Sijui iko wapi, shangazi. Labda baba kaihamisha."

Sijamaliza, mama akaita toka uani: "We Rehema! Kiberiti umekiweka wapi? Nichome hizi taka kabla upepo haujazidi."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu, mwanangu. Ningesema tu, "Mama, subiri." Maneno mawili. Badala yake niliinuka, nikaenda jikoni, nikampelekea kiberiti kwa mkono wangu. Nilijua anachokwenda kuchoma, na moyoni nikaona moto utanisitiri. Mungu anirehemu, nimeitubu ile safari ya jikoni kuliko dhambi yangu yoyote.

Nikarudi kukaa. Moshi ukaanza kuingia mlangoni. Shangazi alishaliona boksi.

"Kazuri haka. Umetengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo, shangazi."

Akalifungua, akawa anazitoa moja moja na kuzilaza mapajani. Akafika kwenye ile. Akamtazama bibi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Rehema. Hivi vidole ni vya nani?"

Mkasi ulikuwa umepita kwenye kifundo cha mkono wa mtoto. Ndani ya kiganja cha bibi vilibaki vidole vinne vidogo. Mimi wala sikuwa nimeviona.

"Vya Tabitha," nikasema. "Nimemkata. Yuko shimoni."

Sijaona tena mtu mzima akikimbia vile. Alitumbukiza mkono motoni, mama akamvuta kiuno huku anapiga kelele, "Wifi, utaungua!" Maganda ya alizeti yana mafuta, yakishika hayamsubiri mtu. Tulikuta jivu.

Nilitegemea kofi. Shangazi aliketi chini, mkono kwenye beseni la maji, akasema taratibu, "Kukata ni utoto. Lakini nilipokuuliza, Rehema, moto ulikuwa haujawashwa."

Aliondoka na ile picha yenye vidole, kaifunga ndani ya kitambaa. Alinisamehe, hata siku ya harusi yangu alinishika kichwa akaniombea. Ila sura ya mwanawe haikurudi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha yangu, akaumia mwingine, na hiyo ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, picha ikiwa kubwa tafuta boksi kubwa. Usiyemjua pichani, kamuulize bibi yako wakati yupo, kisha andika jina nyuma kwa penseli, maana wino hupenya. Utaniambia zote ziko kwenye simu. Haya, simu nayo ina siku yake ya kufa. Na usimwonee aibu aliyesimama peku kwenye picha yenu, huyo ni wenu. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: ukikosea, na utakosea, sema palepale, wakati bado kuna cha kuokoa. Usingoje ujasiri. Mimi niliungoja, ukaja pamoja na moshi.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akupe na watu wenye moyo wa kukusikia. Akutunzie nyuso za uwapendao, na siku utakapozikumbuka, zikujie nzima. Amina, mwanangu.