Tulivyopalilia Shamba la Mama Agronome

Niliondoka Baraka kwenda Lweba kwa sababu hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyetaka kusoma kilimo. Ilikuwa miaka ya vita, na watoto wa darasa la pili la sekondari walipaswa kuchagua section, yaani njia ya masomo watakayoifuata mpaka diploma. Préfet, mkuu wa shule yetu, aliniahidi kwamba section ya kilimo ingefunguliwa kama ningempatia watoto wanaoitaka. Nikauliza darasani. Wasichana walitaka ualimu, ingawa kila siku waliviona viatu vyangu mimi mwalimu wao, vilivyotoboka. Wavulana walitaka biashara. Asukulu, ambaye mche ukishikwa na mkono wake haunyauki, alisema hataki section yoyote. Kaka yake alikuwa Misisi akichimba dhahabu, naye angemfuata likizo ikifika.

"Madame, mulimaji anakula nini?" aliniuliza. "Analima, bengine banavuna."

Bustani yangu nyuma ya shule ilikuwa imevunwa na watu wenye bunduki kila nilipoipanda, na jembe nilikuwa nimeliegemeza ukutani likiota kutu. Lakini niliwafundisha wavulana wengi walioishia kwenye mashimo ya Misisi. Wengine yaliwaporomokea, wengine wakabebeshwa bunduki, na mama zao hunisalimu sokoni nisijue niangalie wapi. Kwa hiyo nilitaka jambo moja tu katika safari hii, nalo ni Asukulu asiende huko. Ndipo nikamkumbuka Mama Agronome wa Lweba.

Huyu mama alisomea kilimo hasa, akapewa diploma, akaajiriwa na Serikali kuwafundisha wakulima wa kando ya ziwa. Mshahara ulikatika zamani. Yeye aliendelea na kazi, na watu wakaendelea kumwita Agronome, hata wale wasiolikumbuka jina alilopewa na baba yake.

Asubuhi ya kuondoka, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ilikuwa tope. Wazazi waliokubali ni wachache. Tangu watu wauawe kule Makobola, mzazi wa kwetu hapendi mtoto wake alale mahali asipoweza kumfikia kwa kuita. Niliowapata walikuwa kikundi kidogo: Asukulu, wavulana wenzake kadhaa, na wasichana wakiongozwa na Mwajuma, binti wa mwenye mtumbwi pale Baraka, msichana asiyeogopa kusema lolote. Kila mmoja alibeba unga wake, maana kipindi kile mgeni asiye na unga alikuwa mzigo.

Njiani ziwa lilikuwa mkono wetu wa kulia na milima mkono wa kushoto, na sisi tukitembea katikati kama watu wanaopita kwenye baraza la jirani waliyegombana naye. Tulipita michikichi isiyokatwa majani, nyumba zisizo na milango, na akina mama waliokuwa wakirudi mashambani na vikapu vyepesi. Mwajuma alizidi kuniuliza kama tumekaribia. Asukulu alitembea mbele na kuwasimulia wenzake habari za Misisi: pikipiki, redio, soda baridi. Nilimsikia, nikakaza mwendo, magoti yakiniuma. Sikuwa na soda ya kumwonyesha.

Tulipofika Lweba jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Mama Agronome alitupokea na maji ya kunywa, akatuketisha kwenye mkeka, akatupa viazi vya kuchemsha kabla ya kutuuliza habari. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na akikusikiliza hukutazama mikono. Nilimweleza shida yangu pembeni. Alicheka kidogo, akaniambia hata watoto wake mwenyewe hawakutaka kilimo, basi nisione aibu.

Kisha akatutembeza. Aliwaonyesha watoto kitalu cha michikichi, akawaambia yuko mtu anayeishi kwa kuotesha miche tu, na mwingine kwa kukamua mawese. Aliwaonyesha mbuzi mwenye kidonda, akaeleza kazi ya mganga wa mifugo, na jinsi toka vita mganga huyo anavyotafutwa kuliko padri. Mwajuma akamuuliza nani anamlipa. Akajibu bila kuficha kwamba Serikali haimlipi. Wanaomlipa ni wale anaowasaidia, leo kuku, kesho samaki, keshokutwa asante. Asukulu aliguna.

Mwisho tulifika kwenye shamba lake la muhogo, nusura tulipite. Kando ya barabara kulikuwa na ukuta wa matete marefu kuliko mtu, na nyuma yake majani ya kila aina, na ndani ya majani hayo, ukichungulia, muhogo mzuri sana. Alituambia ni muhogo wa mbegu. Katika vijiji vingi ugonjwa ulikuwa umekunja majani ya muhogo na kuudumaza, lakini aina hii haukuishika. Watu walimfuata hapo kuchukua vipande vya miti yake wakapande kwao. Watoto walisikiliza kwa adabu, lakini niliwaona wakitazamana. Shuleni nimewafundisha kwamba shamba lenye majani ni shamba la mvivu.

Baada ya kula, Mama Agronome alinipeleka kwa mkuu wa kijiji kumwomba ruhusa ya kulala, kisha ufukweni kunionyesha mahali wanapoloweka muhogo, katikati ya mawe, ili uchungu wake utoke. Tulikaa huko muda mrefu. Ilikuwa raha kukaa na mtu ambaye hataki chochote kwangu.

Tuliporudi tuliwaona watoto wamesimama barabarani kwa mstari, wamelowa jasho, wanacheka. Nyuma yao matete hayakuwepo. Walikuwa wameazima mapanga na majembe nyumbani kwa mwenyeji wetu, wakafyeka matete yote, wakapalilia shamba mpaka udongo ukaonekana mwekundu. Muhogo ulisimama wazi, mistari yote, mtu aliye mbali angeweza kuuhesabu. Kwetu anayelishwa hakai bure, na wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa wamelichukua jembe siku ya kwanza. Niseme kweli: kwa muda mfupi nilijivuna.

"Ni salongo, Mama," Asukulu alisema. Salongo ni kazi ya pamoja, ile tunayoifanya shuleni kila Jumamosi. "Ya kukushukuru."

Mama Agronome alilitazama shamba. Akamshika Asukulu bega.

"Aksanti, mutoto wangu," alisema. "Mumetumika kazi muzuri." Kisha akaketi palepale kwenye ukingo wa njia. "Matete ile nilipanda mi mwenyewe."

Alitueleza taratibu, kama mtu anayesoma somo alilolizoea. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na siku ya soko askari hupita barabara ile kuchukua cha kwao. Wakiona muhogo, wanang'oa. Mizizi wanailoweka au wanawapa wanawake wawatayarishie, na miti wanaifanya kuni. Mwaka uliopita shamba la jirani lilimalizwa hivyo asubuhi moja. Lake halikuguswa, kwa kuwa kutoka barabarani lilionekana pori. Alipanda matete, akayaacha majani yakue, akavumilia watu kumwita mvivu, yeye mwenye diploma. Sasa mbegu ya vijiji vingi ilikuwa imesimama uchi.

Nilitaka ardhi inimeze. Asukulu alikuwa ameshika panga bado, akilitazama kama si lake.

Alasiri iliyobaki tulifanya kazi ya kulivunja shamba tulilolisafisha, ili kesho askari wasikute kitu. Mama Agronome alikata miti, Asukulu akaifunga mafungu, wavulana wakayabeba mpaka nyuma ya migomba na kuyasimamisha kwenye udongo wenye unyevu. Wasichana waling'oa mizizi. Mingine ilikuwa imekomaa, mingine ilikuwa bado vidole, ya kusikitisha kuitazama. Majirani walipoona walikuja wenyewe na vikapu, wakaibeba hadi ziwani kuiloweka. Hakuna aliyetulaumu, na hilo lilinichosha kuliko kazi.

Jioni tulikula bugali na sombe. Majani ya muhogo yalikuwa mengi mno siku ile, kwa hiyo sombe ilijaa sufuria mbili, na Mama Agronome akatutania kwamba hajawahi kuwalisha wageni vizuri hivyo. Asukulu aliacha kula, akamgeukia.

"Mama, njo hii ulisomea? Kuficha?"

"Kulima nilisomea," alijibu. "Kuficha, vita njo ilinifundisha. Siku vita itaisha, nitakata ile matete na mukono yangu, na we utakuja kunisaidia."

Asubuhi ya kurudi, alitupa kila mmoja fungu la miti tukapande Baraka. Nilikataa, tulikuwa tumemharibia vya kutosha. Alisema kinyume chake, mbegu ikikaa mahali pamoja siku moja itakwisha pamoja, na kwamba angekuwa na akili angeisambaza zamani. Sikujua kama aliamini hivyo au alikuwa ananibembeleza. Tukabeba.

Njiani, kabla ya nusu ya safari, tuliwakuta askari chini ya mchikichi, sufuria yao juu ya mawe, moto haujashika. Hatukuwa na pa kukimbilia. Mmoja wao, bado kijana, alituuliza tunabeba nini. Nilikuwa nikiwatazama wavulana na kufikiria mizigo ya wale watu, na jinsi ambavyo wangeweza kuambiwa waibebe hadi mlimani.

"Kuni, komanda," Asukulu alisema.

Askari akafurahi. Alichukua fungu la Asukulu mwenyewe, akalikata kata kwa panga, akalisukuma chini ya sufuria. Miti mibichi ikatoa moshi mzito, wote wakaanza kukohoa na kufuta macho, na moto uliokuwa umejaribu kuwaka ukazimika kabisa. Mkubwa wao alimtukana kijana, kisha akatugeukia sisi.

"Kuni gani hii? Iko mubichi. Mupite na buchafu yenu."

Tulipita. Hakuna aliyegeuka nyuma mpaka tulipovuka kona. Hapo Mwajuma alianza kucheka, kicheko cha woga, na wengine wakamfuata. Asukulu hakucheka. Alitembea mikono mitupu, akilia bila kujifuta, na nilipomsogelea aliniambia tu kwamba lile fungu alilifunga yeye. Nilimgawia nusu ya langu. Tukatembea hivyo hadi Baraka, miguu ikiwa imevimba, na mimi nikiwa na hakika kwamba safari yangu imeharibika. Nilikwenda kuwaonyesha watoto kwamba kilimo ni kazi ya mtu. Nikawaonyesha jinsi kinavyoibwa, kinavyofichwa na kinavyochomwa.

Baraka, siku iliyofuata, tulipanda ile miti nyuma ya vyoo vya shule, mahali ambapo hakuna anayependa kukaa. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu. Baadaye nilipoenda kuiangalia nilikuta mtu amechomeka matete upande wa barabara. Sikuuliza. Sikumuuliza Asukulu habari za Misisi pia. Mwalimu aliyechoka hujifunza kutouliza swali ambalo jibu lake linaweza kumwangusha.

Majuma yakapita, mvua ikasaidia, matete yakashika na majani yakapanda. Mihogo ilichipua humo ndani, majani yake yamenyooka, bila ugonjwa. Wengine kutoka safari ile walipita pale mara mojamoja kuchungulia. Mwajuma aliniambia amepata wazo la kukamua mawese na kuyavusha kwa mtumbwi wa baba yake, na aliniuliza kama hiyo nayo ni kilimo. Nikamwambia ndiyo, ni kilimo.

Nilichojifunza Lweba ni kidogo na sikukipenda. Kazi nzuri haionekani kuwa nzuri kila wakati, na kuna miaka ambayo mwenye ujuzi hulazimika kuonekana mvivu. Sikupenda kuwafundisha watoto hilo. Lakini wao walikuwa wamelielewa kabla yangu.

Jumamosi moja, karibu na mwisho wa mwaka, Préfet alitangaza salongo. Wageni wa kukagua shule walikuwa wanakuja. Alizunguka uwanja akigawa kazi, akafika nyuma ya vyoo, akayaona yale majani na yale matete, akakasirika. Aliniuliza mbele ya wanafunzi mwalimu gani wa kilimo anaacha pori kama lile, na kama ndiyo section ninayotaka aifungue. Kisha akamwita mvulana aliyekuwa karibu alete panga afyeke.

Asukulu alikuwa upande wa pili wa uwanja akifagia. Aliacha ufagio, akaja bila kukimbia, akasimama kati ya Préfet na matete.

"Hapana hapa, Préfet," alisema. "Hii majani iko kazi yangu."