Damu Isiyotaka Kuganda

Fundi wa sare za shule, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alikuwa na binti mmoja tu. Binti huyo alipoanza kuingia mwezini, damu ilimtoka kama maji ya bomba bovu. Alivaa pedi mbili kwa pamoja, na sweta akalifunga kiunoni hata jua likiwaka.

Mama hakushtuka. Yeye mwenyewe alikuwa hivyo, na mama yake kabla yake.

"Wanawake wa ukoo huu ndivyo tulivyo," alimwambia. "Utazoea, mwanangu."

Binti akazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Alihamia dawati la nyuma, akaacha mpira wa pete, akawahi kuamka ili afue shuka kabla watu hawajaona. Midomo ilimpauka, akawa mtu wa kutafuna barafu kutwa. Mama alimtania kwamba ameolewa na friji.

Asubuhi moja akaanguka mstarini, mbele ya shule nzima. Mwalimu alimkimbiza hospitali, na Mama Pindo akafika mbio, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Alimkuta mtoto anaongezewa damu.

Daktari wa wanawake alikuwa mdogo kwa umri, hata Mama Pindo nusura amuulize daktari yuko wapi.

"Shikamoo, mama. Naomba utupishe kidogo nizungumze naye."

"Marahaba. Lakini huyu hana siri kwangu."

"Sawa, mama. Hata hivyo kila msichana namsikiliza peke yake kwanza. Nitakuita."

Alikaa kwenye benchi la nje. Alijua ni maswali gani wasichana huulizwa mlango ukifungwa. Alipoitwa, alimkuta binti amefuta machozi, lakini amekaa wima.

"Hana mimba," daktari alisema, "wala sikumpima kwa ndani, hakukuwa na haja. Picha ya tumbo inaonyesha kizazi hakina tatizo. Sasa niambie, pua yake hutoka damu?"

"Aa, pua! Hiyo ni yetu sote."

"Na wewe uking'olewa jino?"

Mama Pindo akacheka. "Mto wangu ulilowa mpaka tukautupa."

"Na kujifungua je?"

Hapo kicheko kikakatika. "Nilichungulia kaburi. Ndiyo maana ninaye huyu mmoja."

"Na bibi yake?"

"Alifia uzazini, akimzaa mdogo wetu wa mwisho. Watu wakasema ni mkono wa mtu."

Daktari akawatoa damu mama na mwana, akaipeleka maabara. Majibu yaliporudi yalifanana: wote wawili walizaliwa na ugonjwa unaofanya damu ikawie kuganda.

"Kwa hiyo mama yetu..." Mama Pindo hakumaliza.

"Sikuwepo, mama, siwezi kuapa. Lakini inaelekea ni huu huu."

Binti akapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kusaidia damu kuganda siku zake zikifika, na vidonge vya homoni. Aspirini akakatazwa kabisa. Mama Pindo aliigeuza pakiti ya homoni mkononi.

"Hivi si vya kupanga uzazi?"

"Ndivyo. Kwake yeye kazi yake ni kupunguza hedhi."

Nyumbani, dada mkubwa wa Mama Pindo aliposikia alipiga makofi kwa mshangao. "Mtoto wa shule! Unamfungulia mlango kwa mkono wako mwenyewe?"

"Dada, mama yetu alikuwa mke wa mtu, na heshima zake zote. Heshima haigandishi damu."

Dada akaondoka bila kuaga.

Miezi ya mwanzo haikuwa rahisi. Binti alisikia kichefuchefu, akapata matone katikati ya mwezi, akatishia kuvitupa vidonge chooni. Daktari akambadilishia aina nyingine. Taratibu hedhi ikawa hedhi ya watu, na rangi ikamrudi usoni. Alirudi kwenye mpira wa pete, ingawa mara nyingi alikaa akiba, na alilalamika kuhusu hilo kuliko alivyowahi kulalamika kuhusu damu.

Kisha siku moja dada akatokea mlangoni, nyuma yake binti yake mkubwa, tumbo likimtangulia.

"Huyo daktari wako," alisema, macho chini, "anapatikana siku gani?"

Mama Pindo alizima cherehani, akajitanda mtandio, akawapeleka mwenyewe. Mpwa akapimwa, akakutwa na ugonjwa huo huo. Alijifungulia hospitali ya rufaa, dawa zikiwa zimeandaliwa kando ya kitanda. Alitoka damu, wakaidhibiti, na kesho yake alikuwa ameketi akinyonyesha huku akigombana na mama yake kuhusu jina la mtoto.