Gari Jipya la Zimamoto na Kiganja cha Baba

Nikiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine mkacheka mara mbili: yule mchora ramani aliyekwamisha gari jipya la zimamoto mlangoni mwa kituo chake, hapa hapa Morogoro, mbele ya wageni waalikwa, ndiye mimi.

Marehemu Baba alikuwa askari wa zimamoto kituo kile kile. Wakati wanakijenga, linta ya juu ya mlango ikiwa bado zege bichi, alipanda ngazi akabandika kiganja chake, alama ikabaki. Picha yake nzuri hatuna hata moja, tuna kiganja kile tu, kwa hiyo nilipopewa kazi ya kukarabati kituo niliamua jambo moja dogo: linta haiguswi.

Afande mkuu wa kituo akaniuliza, "Fundi, gari jipya litapita kweli hapa?"

"Linapita na nafasi inabaki, afande."

Kimo chenyewe nilikitoa kwenye karatasi za gari, na kwa jinsi nilivyotaka linta ibaki sikuuliza kama wamepima pamoja na ngazi inayolazwa juu ya gari (hawakupima).

Siku ya uzinduzi Mama ameshuka kutoka Kinole na kitenge kipya, matarumbeta yanalia, gari likaingia kinyumenyume kwa madaha, mara kraa! Ngazi imebana kwenye linta, gari haliendi mbele wala nyuma, king'ora kimejiwasha hakizimiki, na mama mmoja wa Mwembesongo anapaza sauti, "Jamani, sasa tumwite nani, zimamoto?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikatamani na Baba angekuwepo, maana yeye angejua la kufanya.

Mama akanivuta shati. "Mwanangu, toeni upepo kwenye matairi. Baba yako ndivyo alivyofanya lile la zamani lilipobanwa chini ya daraja la reli."

Wakatoa upepo, gari likashuka kidogo, likachomoka. Afande hakunigombeza, alinipa nyundo tu.

Kabla ya kuvunja linta nilikata kile kipande chenye kiganja, Mama akapanda nacho Kinole, akakiweka barazani. Nami nimeapa, gari nalipima mwenyewe kwa futi yangu, mpaka ngazi, na mambo ya moyo nayaacha nyumbani.

Mama husema zege lile linamzibia njia tu. Lakini kila nikienda kumpa shikamoo nalikuta limejaa vumbi lote, isipokuwa ndani ya kiganja.