Mkwe Upande wa Pili wa Mlango

Fleti ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, jiko la kusimama mtu mmoja, roshani ya kutazama bahari, na bafu moja. Niliyaona hayo yote kabla sijaweka mkoba chini, na nilipofika kwenye lile bafu moja, moyo uliniruka. Binti yangu alikuwa anafungua madirisha akisifu upepo wa Italia. Mume wake alikuwa bado ngazini na sanduku langu, na nilijua kwa nini anachelewa. Alikuwa anangoja niingie chumbani nifunge mlango ndipo apite.

Sisi Wakamba tuna kitu tunakiita nthoni. Ni aibu, lakini si ile ya mtu aliyekosea. Ni heshima inayokaa katikati ya mama na mume wa binti yake. Zamani wakikutana njiani, mmoja alikuwa anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na kulala chini ya paa moja hata hakuzungumzwi. Sisi watu wa kanisa tumeilegeza kidogo, tunapigwa picha pamoja siku ya harusi na mambo yanaendelea. Lakini wiki mbili, bafu moja, na ukuta mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya unasikia akitafuta kitambaa? Hata mchungaji wangu angeomba muda wa kufikiria.

Mimi nimezaliwa mahali panapoitwa Tulia, kule Kitui, ila kutulia kwenyewe sikujaliwa. Niliolewa Nunguni, upande wa Makueni, nikafundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu. Nimemzika mume wangu, na sasa nina ng'ombe mmoja wa maziwa, miparachichi, na nafasi yangu katika benchi la pili kanisani, ambayo hakuna anayethubutu kuikalia. Binti yangu alikwenda Italia kutunza wazee, akampata huko huko mwanamume wa kwetu, mtu wa Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, anayefanya kazi kwenye ghala la matunda. Mwaka huu waliniita niwatembelee. Nilikaa nao wiki moja mjini, kisha tukaenda pwani, kwenye fleti waliyoazimwa na ile familia anayoifanyia binti yangu kazi.

"Mum, hapa si Nunguni," binti yangu aliniambia nilipomnong'onezea habari ya bafu. "Wacha stress. Yeye hata hajali hizo vitu."

Alikuwa amekosea. Mkwe wangu alijali kuliko mimi. Kufikia siku ya tatu tulikuwa na ratiba ambayo hakuna aliyeitamka. Asubuhi na mapema alikwenda baharini, nami nikaoga. Nikitoka kwenda roshani, yeye alirudi akanywa chai jikoni. Nikijilaza mchana, yeye alikula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa niliyobeba kutoka nyumbani, na nilikuwa nasikia kijiko chake kikikwangua sufuria kwa furaha. Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuona ratiba ikifuatwa vile, na sisi walimu tulikuwa tumebandikiwa yetu ukutani.

Siku moja tu iliharibika. Nilikuwa roshani nikichambua maharagwe, nikatupa macho barabarani, nikamwona anarudi kutoka kuogelea akiwa na bukta ndogo ya bluu na taulo begani. Naye akainua macho. Asi! Mtu mzima, mwenye kifua kama mlango wa ghala, aliruka nyuma ya pipa la takataka akachuchumaa. Watoto wa Kizungu waliokuwa wanakula aiskrimu walisimama kumshangaa. Mimi nilibeba maharagwe yangu nikakimbilia ndani, nikakaa kitandani nikiuma kanga nisicheke kwa sauti. Hatukuzungumzia jambo hilo. Tungezungumza vipi, na hatukuwa tunazungumza?

Kicheko hicho ndicho kilichokuwa cha mwisho kwa siku kadhaa, kwa sababu nilianza kuona mambo.

Kwanza lilikuwa koti. Jua linachoma, watu wanatembea nusu uchi, na binti yangu ananiletea koti zito la sufu linalofika magotini. Nunguni kuna baridi, mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka jikoni, lakini hata kwetu koti lile lingekuwa mzigo. Nilipomuuliza ni la nini, alisema, "Huku kukianza baridi, Mum, si mchezo." Nilikuwa na siku tisa tu za kubaki. Baridi ya huku ilinihusu nini?

Kisha akaanza kuuliza maswali ya kuzunguka. Je, binamu yangu anayenikamulia ng'ombe anaweza kumchukua kabisa? Nyumba ikifungwa, nani atakaa na ufunguo? Pasipoti yangu, ambayo nilizoea kuiweka kwenye mkoba wangu, ikawa iko "mahali salama". Halafu akaniletea karatasi nne za Kiitaliano, akanionyesha pa kutia sahihi, akisema ni mambo ya ofisi tu. Nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote wasitie sahihi wasichoweza kukisoma. Nikamwambia miwani imepata ukungu, nitasaini kesho.

Jioni hiyo nilimsikia mkwe wangu upande wa pili wa ukuta akisema kwa sauti ya ukali, "Mama yako kukaa..." Kisha dirisha likafungwa, sikusikia zaidi. Tangu wakati huo wale wawili hawakuwa wanaongea vizuri. Sahani zilikuwa zinawekwa mezani kwa kishindo. Nilijua basi. Huyu mwanamume alikuwa amepanga nibaki Ulaya, niwe yaya wa watoto watakaozaliwa, na binti yangu alikuwa anatumwa tu. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia mkwe wangu kwa siku nne, huku nikiendelea kumpikia.

Niliogopa pia. Watu watacheka, watasema nani anaogopa kubaki Ulaya? Mimi niliogopa. Kila asubuhi niliamka nikitafuta sauti ya ng'ombe, nikasikia bahari, nayo bahari haijui mtu ni nani. Hakuna aliyeniita mwalimu. Dukani nilikuwa nanyoosha kidole kama mtoto asiyejua kusema. Nilijiona nikizeeka kwenye roshani ile, ndani ya koti lile, nikingoja watu watoke kazini.

Asubuhi ya ule mkasa wa mlango, binti yangu alikuwa amepanda basi kwenda soko la mji wa pili. Niliingia bafuni kulingana na ratiba. Nikaoga, nikajifunga leso, nikashika kishikio cha kitasa nitoke. Kishikio kikabaki mkononi mwangu.

Nilikirudisha, kikaanguka. Nikajaribu kuingiza kidole kwenye lile tundu, hakuna kitu. Dirisha lilikuwa juu, dogo kama la banda la kuku, na tulikuwa ghorofa ya tatu. Nguo zangu zilikuwa kitandani. Nikiogopa mimi hupiga kelele. Nikapiga.

Nikasikia mlango wa mbele, kisha ndara zikija mbio, kisha zikasimama ghafla.

"Mwaitu?" Hivyo ndivyo Mkamba anavyomwita mama yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita moja kwa moja. "Mwaitu, uko sawa?"

"Niko sawa. Kitasa ndicho hakiko sawa."

Akajaribu upande wake, akasukuma, akahema. "Hiyo mlango nitavunja."

"Huo mlango," nikamsahihisha, kwa sababu mazoea ni mazoea, "na usiuvunje! Nina leso tu!"

"Ngai!" Nikasikia ndara zikirudi nyuma hatua tatu. "Hapana. Hapana, siwezi vunja."

Alimpigia binti yangu. Simu ikalia chumbani kwao, alikuwa ameisahau kwenye chaja. Akanipitishia kisu cha siagi chini ya mlango nijaribu kuzungusha kile kichuma kilichobaki ndani ya tundu. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, kisu kikawa kinateleza tu. Mwishowe nilikaa juu ya kifuniko cha choo, naye nikasikia mgongo wake ukiteremka ukutani, akakaa sakafuni.

Kisha nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Sikuwa namwona. Hakuwa ananiona. Mlango ulikuwa umefungwa sawasawa, na hakuna nthoni iliyokuwa imevunjwa. Ningeweza kusema chochote.

"Kijana," nikasema, "mnataka kunifungia huku Ulaya?"

Nikasikia ndara zake zikikwaruza sakafu.

"Nakuuliza. Nimeona koti. Nimeona karatasi. Nilikusikia ukisema nikae."

"Mimi?" Sauti yake ilipanda. "Mwaitu, mimi ndiye nilikataa!"

Nikainuka kutoka kwenye kile kifuniko.

"Nilimwambia hivi," akaendelea, sasa maneno yakimtoka kama maji. "Nilimwambia, mama yako kukaa huku ni kumuua. Tumekosana juu ya hiyo maneno mpaka hatusalimiani. Hizo karatasi ni yeye alileta. Anataka ubaki. Mimi nilisema, mama alikuja kutembea, aende kwake."

Akanieleza kwa nini. Ndugu yake mkubwa alikuwa amemchukua mama yao kutoka Tseikuru akampeleka Nairobi, ghorofa ya nne, chakula kizuri, televisheni kubwa. Kila jioni mama alikuwa anasimama dirishani akiuliza mbuzi wanarudi kupitia upande gani. Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha wake. Baadaye akaacha kuuliza, akaacha na kula. Walimrudisha nyumbani akiwa hawezi hata kubeba jagi.

"Na sasa?" nikauliza. Niliogopa jibu.

"Sasa? Alimaliza wiki moja, akaanza kutukana mbuzi tena. Unamsikia ukiwa barabarani."

Nilicheka mpaka nikashika sinki. Yeye naye akacheka, kicheko kizito cha mtu aliyekuwa amekibana muda mrefu.

"Nilimwambia bibi yangu," akasema tulipotulia, "mama yako anaongea na ng'ombe kila asubuhi, wewe mwenyewe ulinihadithia. Hapa ataongea na nani? Wewe uko kazini siku nzima. Na mimi ndiyo hivyo, hawezi kuongea na mimi."

"Naongea na nani sasa hivi?"

"Sasa hivi unaongea na mlango, Mwaitu."

Sijui kama nimewahi kupumua vile. Nikasikia miguu yangu ikiwa baridi juu ya vigae, nikasikia njaa, hata bahari ikawa ni maji tu yanayopiga kelele. Nilikuwa naenda nyumbani. Na yule niliyemchukia kwa siku nne ndiye aliyekuwa amesimama upande wangu, bila kuniambia, kwa sababu angeniambia vipi? Nilimwomba Mungu msamaha pale pale bafuni, kisha nikamwomba yeye. Nilisikia tu akikohoa.

Nilikichukua kile kisu cha siagi tena. Mikono ilikuwa imeacha kutetemeka. Nikakiingiza polepole, nikazungusha kile kichuma, na kitasa kikasema tak.

"Ngoja, Mwaitu! Usitoke!" Ndara zikakimbia. Nilipochungulia nilimwona roshani, amenipa mgongo, ameshika vyuma kwa mikono miwili na uso ameuelekeza baharini. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Nilipita nyuma yake kwenda chumbani, na nilipofika mlangoni nikasema, "Asante, mwanangu." Hakugeuka. Aliinamisha kichwa tu.

Binti yangu aliporudi na samaki wake nilikuwa nimevaa na nimeketi. Nilimwambia, "Jumamosi naenda nyumbani. Lete pasipoti." Alimtazama mumewe kule nje, akanitazama mimi, akaweka mfuko chini. Nilijiandaa kwa maneno. Nilikuwa na hotuba nzima juu ya mama anayefichwa mambo kama mtoto.

"Nilikuwa nimejiambia ni kwa sababu uko peke yako kule," akasema. "Lakini si wewe, Mum. Ni mimi. Nikitoka kwa wale wazee jioni nataka kupata mtu ananiuliza nimekula nini."

Hotuba yangu ikaishia hapo. Nilimvuta akaweka kichwa mapajani mwangu, mtu mzima wa miaka yake, nikamsuka nywele mchana mzima, na samaki wakanuka.

Jumamosi uwanja wa ndege mkwe wangu alibaki kwenye gari, akainua mkono kwa mbali. Binti yangu alinisindikiza mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. Nilijitahidi kuwa na uso wa huzuni, kwa sababu mama gani humwacha mtoto wake nchi ya watu akiwa na furaha? Lakini uso wangu haujui kudanganya, darasa zima lilikuwa linajua hilo.

"Mum, unatabasamu," akasema.

"Sitabasamu."

"Unatabasamu. Umefurahi kuenda."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na uongo wowote angeutambua. "Nimefurahi," nikasema. "Nimefurahi sana, mwanangu. Nisamehe."

Alinirekebisha kitambaa kichwani, akafuta kitu shavuni mwangu, sijui kama kulikuwa na kitu.

"Basi ukae huko," akasema. "Ukae pale pale, Mum, ndio nikija nikupate."