Mazoezi ya polisi, mgongo wa mama

Juzi, nikitoka Nyabiondo, nilikuta polisi sita wakipanda mlima kwa mazoezi, kila mmoja na mfuko wa mchanga wenye jina lake. Mmoja alikuwa amekaa chini, anahema. Akapita mama aliyebeba kitunga cha mihogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

"Mama, unisaidie huu mufuko."

"Kaka, hauone niko na mihogo?"

"Weka juu yake. Hii iko kazi ya Leta, ya serikali."

Mama akainama, akabeba vyote. Kule juu, mwalimu wao akasoma jina kwenye mfuko, akaweka alama kwenye daftari.

"Mufuko imefika. Très bien!"

Jamani! Siku mwizi atakimbilia mlima huu, nimpigie nani simu? Namba ya polisi ninayo. Ya yule mama sina.