Chumba Kilichokuwa Baraza

Baraza yangu ilikuwa pana kuliko zote katika mstari wetu pale Pumwani, na sikuipata kwa kuokota. Niliingia Nairobi nikiwabebea watu ngozi mbichi za ng'ombe kichwani, maji yake yakinichuruzika shingoni, na njiani watu wakinipisha kwa harufu. Nilipopata meza yangu mwenyewe ya nyama katika Soko la Burma, nikanunua nyumba ya udongo, nikang'oa madebe ya paa nikapiga mabati, kisha mbele nikajenga baraza yenye paa lake la bati, ambayo wanaume kumi wangekaa bila kugusana magoti. Darasani sikukaa sana. Lakini jioni waliosoma walikuja kukaa kwangu, na kahawa waliyokunywa ilikuwa yangu.

Basi katika miaka ile ya hali ya hatari shemeji yangu akafa. Alikuwa mtu wa Mumias, fundi wa reli, akiishi na dada yangu Kaloleni katika nyumba ya kazi. Nyumba ya kazi ni ya mkono unaofanya kazi. Mkono ukizikwa, anapewa mwingine. Dada yangu ndiyo kwanza alikuwa ameingia eda, amejitanda shuka nyeupe, hatoki nje wala haonekani na mwanamume asiye ndugu yake, naye akaambiwa mwisho wa mwezi awe ameondoka.

Wakwe zake walikuja mazikoni. Mkubwa wao, mzee mpole, alinivuta pembeni.

"Shemeji, sisi tutamchukua. Kama huna pa kumweka, treni ipo."

"Ninapo pa kumweka."

"Wapi? Jana nililala kwako. Hata paka wako analala kwa zamu."

Alisema kweli. Vyumba viwili vilikuwa vyetu, mimi, mke wangu na watoto. Vilivyobaki vilikuwa vya wapangaji, na wakati ule kumtoa mpangaji ilikuwa ni kumtupa barabarani. Msako wa askari ukipita na mtu hana mlango wa kuonyesha, analala seli au anapakiwa lori. Sikuwa tayari kumtupa mtu ili nimwokoe mtu.

Nikaingia kwa dada yangu. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, macho yamevimba.

"Kaka," akaniambia, "Mumias mimi sijui hata kuomba maji. Na mtoto huyu niliye naye tumboni, nikijifungulia kule, nitarudi lini?"

"Utajifungulia kwangu. Nitakujengea."

Nililisema neno hilo kwa sauti kubwa, na wakwe walilisikia. Mtu kama mimi, aliyekuja mjini bila ukoo wa kumtaja, hana kingine cha kuweka mbele ya wakwe ila neno lake.

Kesho yake nilivaa koti nikaenda ofisi ya nyumba kuomba kuongeza chumba kimoja uwani. Karani alikuwa kijana safi, nywele zimechanwa njia katikati. Akaipeleka habari yangu kwa mzungu ndani, akarudi.

"Haiwezekani, mzee. Kiwanja chako kimejaa. Uwani lazima pabaki wazi, kwa choo na kwa moto."

"Chumba kimoja tu."

"Hata banda la kuku. Amesema usiongeze hata bati moja juu ya ardhi ile. Ukiongeza, inavunjwa, na gharama ya kuvunja ni juu yako."

"Mwambie ni dada yangu, amefiwa."

"Nimemwambia. Amesema pole."

Nikarudi nyumbani na ile pole yangu. Nilikaa barazani bila kuvua koti. Mke wangu akaleta uji, akasimama mlangoni akiniangalia, nikamsimulia.

"Amesema usiongeze bati?"

"Hata moja."

"Basi tunalo paa ambalo halina kuta."

"Lipi?"

"Si hilo lililo juu ya kichwa chako?"

Nilijua papo hapo kwamba amesema sawa. Uji ulipoa mkononi. Ile baraza ndiyo iliyokuwa cheti changu. Wenzangu walikuwa na karatasi ukutani, mimi nilikuwa na mahali ambapo mtu mzima akipita anaamkia.

Jioni wanaume walikuja kama kawaida. Nikawaambia habari yote. Jirani yangu fundi cherehani, mtu wa maneno, akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo unatufukuza?"

"Nawafukuza. Lakini kwanza mtakandika."

"Yaani tujizibie mlango wenyewe?"

"Na mtaleta maji."

Walicheka, na Jumapili walikuja wote. Tulichimbia nguzo, tukafunga fito, tukakanyaga udongo kwa miguu kama watoto. Mmoja wao, karani wa posta aliyekuwa akinisomea gazeti, alikandika pembe nzima peke yake, vibaya sana, na pembe ile ilibaki na tumbo miaka yote. Mke wangu alipika pilau, na nyama siku ile sikupima. Udongo ulipokauka kiasi, dada yangu akaletwa kwa miguu kutoka Kaloleni, katikati ya wanawake waliovaa mabuibui, naye kavaa lake juu ya shuka, usimjue ni yupi. Akaingia, pazia likashushwa. Wakwe walipanda treni bila yeye. Yule mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Haikupita juma, mzungu wa ofisi akaja na kamba ya kupimia, yule karani wa nywele, na askari mmoja mtu mzima wa Kibra, Mnubi, Mwislamu kama sisi, kofia yake nyekundu.

"Hapa palikuwa baraza," karani akasema.

"Palikuwa."

"Sasa ni chumba. Anataka kuingia apime."

"Hawezi. Ndani mna mwanamke yuko eda."

Karani, ambaye si Mwislamu, akageuka kumtazama askari. Askari akavuta pumzi, akasimama mbele ya pazia, mgongo kwenye mlango.

"Haingii mtu hapa," akasema. "Hata mimi siingii."

Mzungu akasema kitu. Karani akatafsiri, "Anasema mama atoke kidogo tu, asimame uwani."

"Hatoki."

"Mpaka lini?"

"Ana mimba. Eda yake ni mpaka ajifungue."

Karani hakutaka kulitafsiri hilo. Alilitafsiri. Mzungu akanitazama kama mtu aliyeuziwa mfupa.

"Kama ana haraka," nikasema, "amlete mke wake na kamba yake. Mke wake tutamkaribisha, na chai atakunywa."

Askari alikohoa ndani ya ngumi. Mzungu alipotafsiriwa hilo, masikio yakawa mekundu, lakini naona alikuwa na mama mahali fulani, maana aliizungusha kamba yake akaondoka.

Askari akawa anapita mara kwa mara.

"Bado?"

"Bado."

"Haya, mama asisumbuliwe."

Mvua za masika zikaupiga ukuta, ukapasuka kama kuta zingine. Moshi wa taa ya koroboi ukapaka weusi ukutani juu ya kitanda. Dada yangu akajifungua mle mle, mtoto wa kike mwenye sauti ya mnadi. Wanaume wangu walihamia juu ya masanduku ng'ambo ya njia, wakinipigia kelele kila nikipita: "Karibu barazani, bwana, kama una nafasi!"

Eda iliisha alipojifungua, hilo nililijua, na askari alilijua, lakini mzazi naye hatolewi nje. Siku arobaini za uzazi zilipopita nikamwambia askari mimi mwenyewe, "Sasa njooni." Sikutaka chumba changu kiwe cha kujificha.

Wakaja wale wale. Mzungu akainama akaingia, akagonga ukuta.

"Anauliza, hii si ndiyo ile baraza?"

"Ndiyo. Nimeifunga. Bati sikuongeza, ardhi sikuongeza. Aliniambia nisiongeze, sikuongeza. Kama anavunja, avunje, lakini nimemwambia kweli."

Dada yangu alikuwa amesimama na mtoto begani. Akasema mwenyewe, kwa utaratibu, "Mwambie nashukuru alingoja. Kule Kaloleni hawakungoja."

Karani akatafsiri. Askari, bila kuulizwa, akasema kwa Kiswahili, akitazama mabati, "Ukimvunjia leo, bwana, ulikuwa unangoja nini?"

Sijui kama lilitafsiriwa. Mzungu alipima chumba mara mbili, akanyoosha kidole kwenye dirisha.

"Dogo," karani akasema. "Anasema ulipanue."

Kisha mzungu akatoa chaki mfukoni, akaandika namba ukutani juu ya mlango, kama zile za ofisi zilizokuwa juu ya kila mlango uliokubaliwa wa nyumba yangu.

Dirisha nililipanua kesho yake, kabla ya kwenda sokoni. Na kila Idi, tulipopaka nyumba chokaa, dada yangu alichukua brashi mwenyewe akazunguka ile namba kwa ncha, polepole, asiiguse.